Mwitikiaji wa Profesa Théophile

Sauti iliyotoka ndani ya mashine ilikuwa yake mwenyewe.

Hapo ndipo nilipowakatia uhondo Jumamosi iliyopita, na najua wapo walionitukana hadi siku ya pili. Basi turudi upesi ndani ya nyumba ile iliyo nyuma ya ghala la pamba, nje kidogo ya Kabambare. Tumkute Anastasie amesimama mbele ya meza, anajisikia akisema maneno aliyoyasema mwaka jana akiwa kwake Kasongo, mvua ikipiga bati.

"Nilikuwako," ilisema mashine kwa sauti yake. Ikafuata sauti ya mumewe, Profesa Théophile, akiendeleza hadithi. Akatua. Kisha yeye tena: "Nilikuwako."

Aliyekosa gazeti asihangaike. Théophile alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Kasongo, mmoja wa wale ambao Wabelgiji waliwaita profesa, na mtunzi wa hadithi fupi zilizosomwa toka Nyangwe hadi huku Kabambare. Mwaka uliopita alikuja bibi mmoja wa Kizungu, Mademoiselle Sidonie, anayekijua Kiswahili, akiwa na mashine ya kunasa sauti. Akamnasa profesa akisimulia hadithi zake mwenyewe, akazipeleka kanda Ulaya, kwenye nyumba inayohifadhi sauti za watu wa kila nchi.

Mojawapo ya hadithi hizo ilikuwa ya Mzee Amisi. Huyu alikuwa mkulima aliyepigwa siku ya kupima pamba, kisa pamba yake ina unyevu, akafia palepale, akafukiwa chini ya sakafu ya ghala kabla saruji haijamwagwa. Wenye pamba walitangaza kwamba ametoroka, amevuka ziwa Tanganyika. Watoto wake hawakupata hata kukaa matanga, kwa sababu nani anamlilia mtu aliyetoroka?

Sasa sikieni jambo ambalo Wazungu wengi hawakulijua. Kwao Théophile, upande wa mama yake, hadithi haisimuliwi hewani. Lazima awepo mwitikiaji. Msimulizi akitua, mwitikiaji hujibu. Ikiwa hadithi ni ya kutunga, hujibu "Sikuwako," na watu wakacheka. Ikiwa ni ya kweli hujibu "Nilikuwako," na hapo hapana kicheko, kwa kuwa asemaye hivyo ni mtu aliyeona kwa macho yake.

Anastasie aliona. Siku ile alikuwa amempelekea mama yake chakula kwenye foleni ya pamba. Kwa hiyo kanda ile iliyovuka bahari haikubeba hadithi tu, ilibeba na shahidi.

Mademoiselle Sidonie alielezwa desturi hiyo na profesa mwenyewe, akaifahamu. Huko Ulaya watu wakaanza kuuliza maswali. Ndipo akaletwa Bwana Roger.

Huyu Roger hakuna aliyejua ni wa ofisi gani. Kiswahili chake kilikuwa "leta" na "ondoka". Alimtoa Théophile darasani mbele ya wanafunzi wake, akamleta Kabambare, na tangu hapo akawa anawaita watu wa Kasongo mmoja baada ya mwingine waisikilize nakala ya kanda. Nani huyu mwanamke anayeitikia? Théophile alishamdanganya kwamba mkewe siku hiyo alikuwa Nyangwe kwa wazazi wake, na kwamba aliyeitikia ni mpita njia aliyejikinga mvua. Nusu ya mji waliijua sauti ile fika. Wote walitikisa kichwa.

Lakini Roger alikuwa ametoa ahadi, na ahadi hiyo ilimfikia Anastasie huko Kasongo. Mwitikiaji akijitokeza, akasema mbele ya mashine kwamba hakuwako, profesa atarudi nyumbani. Basi mama wa watu akapanda lori la pamba, akaja kujitoa. Hakutaka ushujaa. Alimtaka mume wake, akiwa na kikohozi chake na yote.

Haya, sasa tuko pamoja. Tuendelee.

Roger aliinua kidole, mashine ikanyamaza. Akauliza swali lake kwa Kifaransa.

Anastasie alilielewa. Kifaransa alikipata mezani kwa mumewe, jioni kwa jioni, akimsikia akisahihisha madaftari ya wanafunzi kwa sauti. Kukisikia alikisikia vizuri. Kukisema ndiko kulikomshinda, na siri hiyo hakumwambia mtu.

Mkalimani alikuwa Ismaël, mtu wa Kasongo, wa familia za Waislamu wa mjini, mwenye kofia safi na macho ya mtu asiyelala. Alisimama kati yao wawili.

"Mama Profesa, Bwana anauliza. Hii sauti unaijua?"

"Naijua," alisema Anastasie kwa sauti ya chini. "Na nimekuja kwa ajili yake. Ni yangu."

Ismaël hakupepesa jicho. Alimgeukia Roger, akamwambia kwa Kifaransa kilichonyooka kwamba mama huyu haijui sauti hiyo, ila anadhani ni ya mwanamke fulani wa ng'ambo ya Lualaba.

Anastasie alidhani hakusikia vizuri. Akarudia, pole pole, kama anayesema na mgonjwa. Ismaël naye akarudia uwongo wake, akaongeza kwamba mama ana homa na anaomba arudishwe nyumbani.

Wasomaji wangu, kikulacho ki nguoni mwako. Hasira ilimpanda Anastasie mpaka masikio yakamvuma. Mtu wa Kasongo, aliyekula kwa Théophile, aliyeazima vitabu vya Théophile, ndiye anayemzuia Théophile asitoke! Analipwa na nani huyu? Anataka nini? Akamtazama usoni ili aone aibu, asione kitu, ila jasho.

Mlangoni alisimama askari mwenye bunduki, mtu wa mbali, Kiswahili chake kilikuwa cha kutosha kuchongea. Alikuwa ameanza kuwaangalia kwa zamu, mama na mkalimani, mkalimani na mama.

Anastasie aliamua kumruka mkalimani. Neno moja la Kifaransa angeliweza hata yeye. Akainua kidole akielekeze kifuani mwake.

Ismaël alimwahi. Akamwambia Roger, haraka haraka, kwamba mama anasema kumbukumbu yake ingefunguka kama angesikia kwanza sauti ya mume wake, ajue yu hai.

Roger alitabasamu. Wazo lilimpendeza, na kwa nini lisimpendeze? Alikuwa nayo kanda hiyo tayari. Akaitoa ndani ya sanduku la bati, akaivisha kwenye mashine kwa vidole vyembamba, akasema kwamba profesa aliisema wiki hii hii, kwa hiari yake. Ismaël akatafsiri. Hilo alilitafsiri sawasawa.

"Mume wako iko muzima, mama," aliongeza Roger kupitia kwake. "Sikiliza mwenyewe."

Mashine ikaguna, halafu Théophile akasema.

Ee Mungu wangu, sauti ilikuwa imekonda! Ilikuwa sauti ya mtu aliyeinuliwa akakalishwa kitini. Lakini alikuwa ndiye, na Anastasie akasogea karibu na mashine. Yu hai, aliwaza. Kesho kutwa atakuwa kwake anakunywa uji.

Profesa alikuwa anasimulia upya hadithi ya Mzee Amisi, ila safari hii ilikuwa na mwisho mwingine. Amisi hakupigwa na mtu. Amisi alichoka na shamba, akafunga mzigo wake, akashika njia ya ziwani.

Alipofika hapo Théophile akatua. Maskini, hakujua kusimulia kwa namna nyingine. Alitua kama alivyotua miaka yote, akaacha nafasi.

Na ndani ya nafasi ile, kwa mbali, karibu chini ya pumzi, mtu akaitikia.

"Sikuwako."

Anastasie aliinua macho. Sauti ile ya kwenye kanda ilikuwa ya Ismaël.

Ismaël alikuwa anatazama ukuta. Bibi yake mzaa mama alitoka kijiji kimoja na mama yake Théophile, na ndiye aliyemlea. Mtu aliyelelewa hivyo, ukimkalisha chumba kimoja na msimulizi anayengoja, atafanya nini? Mdomo unafunguka wenyewe. Roger aliyasikia maneno hayo siku ile ya kunasa, akauliza ni nini, akaambiwa ni adabu za wenyeji. Akaridhika, maana kwake "nilikuwako" na "sikuwako" zilikuwa mlio mmoja tu.

"Amisi akapanda mtumbwi, akavuka," ilisema sauti ya Théophile. Ikatua.

"Sikuwako," aliitikia Ismaël wa kwenye kanda.

Kila uwongo uliotolewa kwa nguvu, ulipigwa muhuri wa uwongo hapo hapo. Anastasie alianza kumwelewa mtu huyu, ingawa si yote.

Roger alikuwa amesimama karibu na mashine, kidole juu ya kitufe, akiinamisha kichwa kama anayejua mahali pa kukatia. Ndipo Ismaël alipochungulia dirishani, akasema kwa mshtuko kwamba Faradji dereva anawasha lori, anataka kuondoka Kabambare bila sanduku la Bwana.

Roger alitoka mbio, akimkemea dereva toka kwenye ngazi. Faradji masikini alikuwa anasafisha kioo tu.

Kanda ikaendelea kuzunguka.

Théophile alikohoa. Anastasie alikijua kikohozi kile, alikuwa amekikandia maji ya moto kwa misimu mingi. Lakini hiki kilikuwa kirefu, kilikwenda chini, kikarudi na kitu kingine ndani yake. Profesa akajaribu tena. "Na watoto wake Amisi, wakaambiwa kwamba..." Basi. Neno lililofuata halikuja.

Kikasikika kiti kikiburutwa. Pakawa kimya, mashine ikivuma peke yake. Halafu kiganja cha mtu kikapiga sakafu ya mbao, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Halafu sauti ya Ismaël, safari hii si ya chini, ikasema:

"Muzigo tumeupokea."

Askari mlangoni alipiga miayo. Kwake yeye hayo yalikuwa maneno ya wapagazi.

Anastasie alikuwa ameyasikia maneno hayo siku moja tu maishani mwake, nyumbani kwa mama mkwe wake. Msimulizi ndiye anayefunga hadithi yake, husema ametua mzigo, watu wakaenda kulala. Lakini bibi yule alikata roho hadithi ikiwa katikati, akiwa amewashika wajukuu mapajani, na aliyekuwa anamwitikia akapiga chini kwa kiganja, akaupokea mzigo kwa niaba ya wote. Maneno hayo hayasemwi kwa mgonjwa wala kwa aliyelala. Husemwa kwa maiti.

Mumewe alikuwa amekufa. Alikufa ndani ya chumba hicho hicho, mbele ya mashine hiyo hiyo, mdomoni ana hadithi ya uwongo.

Mjane wa Kasongo huanguka chini na kulia majirani wote wasikie, ndiyo haki ya marehemu. Anastasie hakuweza. Aliuma pembe ya kitenge chake mpaka meno yakakutana ndani ya nguo. Ndani ya kifua chake kilio kilipanda, kikakuta mlango umefungwa, kikarudi chini, na maumivu yake yalikuwa makubwa kuliko uzazi. Alimtazama Ismaël. Ismaël aliinamisha kichwa kidogo tu, kama mtu anayeitikia salamu ya mbali.

Sasa aliyajua yote. Mwenye macho haambiwi tazama. Ismaël hakuwa anamzuia Théophile asitoke. Alikuwa anamzuia yeye asijiuze kwa bei ya mtu ambaye hayupo tena.

Roger akarudi, akitweta. Aliziona kanda bado zinazunguka, rangi ikambadilika. Akazima mashine kwa kofi, akamkazia macho mama. Anastasie alikuwa amesimama wima, kitenge mkononi. Macho makavu.

Mzungu akashusha pumzi. Akaeleza kwamba profesa alichoka, akaenda kupumzika, na sasa anakula vizuri na kuulizia nyumbani. Kilichobaki ni kitu kidogo mno. Mama aseme jina la mwitikiaji, na mume na mke watapanda lori moja leo leo.

Ismaël alitafsiri, akaongeza ya kwake haraka, akijua askari anasikiliza, kwa hiyo akayasema kama onyo la kawaida.

"Mama, Bwana anauliza mara ya mwisho. Kama haujui sauti, sema haujui. Unapanda lori, unarudia Kasongo, unakaa na watoto wako. Umesikia?"

Amesikia. Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Neno moja, "sijui," na jioni angekuwa njiani, na huko nyumbani angepata kulia kwa siri, uso ndani ya mto. Na watu wangeambiwa nini? Profesa ametoroka. Profesa amevuka ziwa. Kanda ile ya uwongo ingekwenda Ulaya peke yake, na wanafunzi wake wangekua wakijua kwamba mwalimu wao alimkana Mzee Amisi, kisha akawakimbia.

Anastasie alikuwa na hofu, nisiwafiche. Lakini alikuwa na hasira pia, na siku ile hasira ndiyo iliyoshinda.

"Mwambie sauti ni yangu," alisema.

Ismaël alifumba macho. Midomo yake ikaanza kuandaa uwongo mwingine. Anastasie hakumpa nafasi. Alijipiga kifuani kwa kiganja, akamwangalia Roger, akasema neno lake moja la Kifaransa.

"Moi."

Roger aliketi. Akacheka, kicheko cha mtu aliyekwisha choka kutafuta ufunguo uliokuwa mfukoni. Mke! Na yule marehemu, samahani, yule profesa aliyepumzika, alimchezea kwa habari ya Nyangwe!

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Roger akaeleza, Ismaël akatafsiri, kwamba hakuna atakayemgusa mama. Kanda ya kwanza iko Ulaya kwenye ile nyumba ya kuhifadhi sauti, na huko hawatupi kitu. Haiwezi kurudi. Kinachowezekana ni kupeleka nyingine ikae kando yake kwenye rafu. Kanda ya profesa aliyegeuza hadithi, na kanda ya mwitikiaji akisema hakuwako. Mademoiselle Sidonie atazisikiliza mwenyewe, anazijua sauti zao, ataona hakuna kesi.

Anastasie aliyasikia maneno hayo mara mbili, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Na katika mara zote mbili kilichobaki kichwani mwake ni kimoja. Sidonie atasikiliza. Sidonie anajua desturi.

Askari akatolewa nje, kwa kuwa viatu vyake vinalia na mashine hunasa kila kitu. Madirisha yakafungwa. Kanda mpya ikavishwa. Roger akamsogezea mama ile mikro ya kusemea, akaiweka juu ya kitabu kinene ili ifike kinywani.

Ismaël akasema kwa upole kwamba, Bwana akiruhusu, lazima awepo wa kuitikia. Hadithi ya kwanza ilikuwa na mwitikiaji. Hii ikikosa, wale wa Ulaya watasema mama alilazimishwa. Roger akafikiri kidogo, akaona ni hoja. Akampungia mkono aketi.

Kitufe kikabonyezwa. Kanda zikaanza safari.

Sasa mwitikiaji ndiye msimulizi. Maisha yake yote Anastasie alikuwa amejibu, hakuwahi kuanza. Roger akainua nyusi. Ismaël akangoja, mikono juu ya magoti, kama mtoto mbele ya bibi yake.

"Kulikuwa mutu mumoja wa Kasongo," alianza Anastasie. "Kazi yake kufundisha watoto, na kutunga hadisi. Wakamuleta hapa, anatembea na miguu yake mwenyewe."

Akatua.

"Nilikuwako," alisema Ismaël.

"Wakamufungia nyuma ya pamba. Kikohozi kikamushika. Akaomba dawa, hawakumupa."

"Nilikuwako."

"Wakasema, ongopa mbele ya mashine, tutakurudisha kwa muke wako. Akakubali. Alikuwa anataka kurudi nyumbani, si kingine."

"Nilikuwako." Hapo sauti ya Ismaël ilitetemeka, na Roger akaangalia sindano ya mashine, asiangalie nyuso.

"Akaongopa mpaka katikati. Pumzi ikamwisha, akafia juu ya kiti."

Anastasie alimtazama Ismaël, naye Ismaël alikuwa analia bila kutoa sauti, machozi yanaanguka juu ya kofia aliyoishika. Mtu huyu alikuwa na mke na nyumba huko mjini, na kila jibu lake lilikuwa linanaswa. Mama akangoja. Alijua kungoja, aliolewa na mtu wa kazi hiyo.

"Nilikuwako," alisema Ismaël. "Mimi nilikuwako."

"Na Muzee Amisi hakuvuka ziwa. Iko chini ya sakafu ya ghala. Hapo wewe haukuwako, ndugu. Mimi nilikuwako." Akavuta pumzi. "Nimetua muzigo."

Roger alilisikia jina la Amisi na neno la ziwa, akakubali kwa kichwa, ameridhika. Akazima mashine, akamgeukia mkalimani wake. Mama kasema nini?

Ismaël alijifuta uso kwa kiganja. Akasema, kwa Kifaransa kizuri alichofundishwa na marehemu, kwamba mama amekiri aliongopa. Hakuona kitu. Aliitikia kwa mazoea tu, kama wanawake wanavyoitikia. Amisi alivuka ziwa na kila mtu anajua. Anaomba msamaha.

Na yale machozi yako?

Huruma, Bwana. Mama ana watoto.

Nakuapieni nilipopata habari ya jibu hilo nilisimama nikapiga makofi peke yangu. Roger alizitia kanda zote mbili sandukuni, ya mume na ya mke, akafunga kamba kwa mikono yake mwenyewe, akaandika anwani ya Ulaya kwa herufi kubwa. Akafungua mlango, akamkabidhi Faradji, akamwambia asisimame popote hadi Kindu. Anastasie alilitazama sanduku lile likipanda lori kwa makini kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote. Ushahidi wa watu wawili waliouawa ulikuwa unasafirishwa na wauaji, na gharama za posta juu yao.

Ismaël alijaribu bahati yake. Alisema kama jambo dogo kwamba mama naye angepanda lori hilo, maana hakuna jingine leo.

Roger akasema angoje kidogo.

Lori likawaka. Likazunguka ghala, likaingia barabara ya Kasongo, likapotea nyuma ya vumbi lake. Roger alilisindikiza kwa macho hadi mngurumo ukaisha. Kisha akarudi ndani, akafuta mikono kwa leso, akamwangalia Anastasie kama anavyoangaliwa mtu ambaye kazi yake imekwisha. Sauti yake alikwisha ipata. Iko sandukuni, inakanusha kila kitu. Sasa mwenye sauti angebaki duniani kwa faida gani, ili kesho abadili maneno?

Akamwita askari. Akatoa amri moja fupi kwa Kifaransa, bila hasira hata kidogo.

Anastasie aliielewa kabla haijatafsiriwa. Aliinama, akafungua kitenge chake, akakifunga upya kiunoni kwa nguvu.

Askari hakujua Kifaransa. Alimtazama mkalimani, akangoja. Na Ismaël, aliyekuwa ameyageuza maneno ya kila mtu tangu asubuhi, alitafuta ndani ya kichwa chake namna ya kuyageuza na haya. Akatafuta. Roger alikuwa tayari anaonyesha kwa mkono njia ya kwenda nyuma ya pamba, na kwa mkono hapahitajiki mkalimani.

"Bwana anasema," alisema Ismaël, "umupeleke mama kwa mume wake."